Sura ya 6: Kerneli Inapokosa Kumbukumbu Kabla Haijasimama

Mbona simu ikielemewa hufunga programu moja au mbili kimyakimya na kuendelea na kazi, lakini kompyuta ikikosa kumbukumbu wakati inawaka huganda palepale? Swali hili huulizwa sana na watu wanaofufua seva za zamani, wanaoweka Linux kwenye vibao vidogo vya kujifunzia, na hata mafundi wa kompyuta za mezani. Mara nyingi huja kwa sura nyingine: feni inazunguka, taa imewaka, kioo ni cheusi, hakuna hata neno moja. Ni RAM? Ni diski? Ni ubao mama?

Linazidi kutatiza ukijua kwamba simu ya Android na seva ile zote zinaendeshwa na kerneli ya Linux. Kerneli ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi: ndiyo inayoshika prosesa, kumbukumbu na vifaa, na ndiyo inayozigawia programu nyingine zote. Iweje basi kerneli ya jamii moja ivumilie upungufu saa nzima baada ya kuwaka, na isiuvumilie kabisa katika sekunde ya kwanza?

Inategemea ina nini mkononi wakati huo.

## Ikishasimama, ina pa kukimbilia

Tuanze na hali ya kawaida. Mashine imeshawaka, umefungua kivinjari, na kivinjari kinaomba kumbukumbu zaidi. Kuomba na kupewa huko ndiko kunakoitwa ugawaji wa kumbukumbu. Kerneli ikikuta RAM imejaa, hutupa kwanza nakala za mafaili ilizokuwa imeziweka RAM ili zisomwe haraka, kwa kuwa asili yake bado iko diski. Isipotosha, huhamishia diski vipande vya programu zilizolala. Huweza pia kumsubirisha mwombaji hadi mwingine arudishe alichochukua. Yote hayo yakishindikana, huchagua programu moja na kuiua. Kwenye simu wa kwanza kuuawa ni zile programu ulizoziacha nyuma bila kuzifunga, ndiyo maana ukirudi kwenye mchezo uliouacha asubuhi unaukuta unaanza upya.

Sasa rudi kwenye sekunde ya kwanza ya kuwaka. Prosesa moja tu ndiyo inayofanya kazi, wenzake bado hawajaamshwa. Diski haijatambuliwa, kwa hiyo hakuna pa kuhamishia kitu. Nakala za mafaili hazipo, maana hakuna faili lililosomwa. Hakuna programu ya mtumiaji hata moja, basi hakuna wa kuua. Na kusubiri hakusaidii, kwa sababu hakuna mwingine anayefanya kazi ambaye baadaye angerudisha alichokopa. Anayeomba ni kerneli na anayeombwa ni kerneli, na jibu la "hapana" linalotoka wakati huo halitabadilika kwa kuuliza tena.

## Mgawaji wa muda

Kuna ugumu mwingine ambao wengi hawauoni. Mgawaji mkuu wa kumbukumbu anahitaji kumbukumbu ili naye aweze kuwepo.

Kerneli huigawa RAM katika kurasa. Ukurasa kwenye kompyuta za kawaida ni baiti 4,096. Kwa kila ukurasa, kerneli ya biti 64 huweka rekodi fupi, kwa kawaida ya baiti 64, inayosema ukurasa huo unatumika au la, na nani anautumia. Chukua kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8. Ina kurasa 2,097,152. Zidisha kwa 64 na utapata megabaiti 128. Hiyo ni RAM inayopaswa kutengwa kwa ajili ya rekodi peke yake, kabla mgawaji mkuu hajaweza kumpa mtu yeyote hata ukurasa mmoja.

Mjenzi mzoefu hangoji stoo ikamilike ndipo apokee saruji. Siku ya kwanza msimamizi hushika daftari lenye safu mbili, moja ya eneo lililopo na nyingine ya sehemu zilizokwisha kushikwa, na kazi inaanza. Linux hufanya hivyo kupitia mgawaji mdogo anayeitwa memblock. Ana orodha mbili: kumbukumbu iliyopo na kumbukumbu iliyotengwa. Akiombwa nafasi, hutafuta pengo katika orodha ya kwanza ambalo halimo katika ya pili, huliandika katika ya pili, kisha humpa mwombaji anwani yake. Kwenye kompyuta za kawaida huanza kutafuta kutoka anwani za juu akishuka.

Orodha ya kwanza huitoa wapi? Huiuliza programu iliyokaa kwenye ubao mama, yaani BIOS au mrithi wake UEFI. Kwenye kompyuta za mezani ripoti hiyo huitwa e820, kwa sababu ndiyo namba ya amri inayotumika kuiomba BIOS. Inataja sehemu baada ya sehemu: hii ni RAM ya kutumia, hii imeshikwa na vifaa, hii usiiguse. Nazo orodha zenyewe zimewekwa wapi, kama hakuna kumbukumbu iliyokwisha kugawiwa? Zimo ndani ya faili la kerneli, zikiwa na nafasi 128 kila moja kwenye mashine nyingi. Napenda sana uamuzi huu. Kitu cha kwanza kabisa hakiombwi kwa mtu. Kimekuja na kerneli.

Memblock ilitokana na msimbo wa mashine za PowerPC na ikapewa jina hilo mwaka 2010. Kabla yake palikuwa na mgawaji aitwaye bootmem, aliyetumia biti moja kwa kila ukurasa. Aliondolewa kabisa katika toleo la 4.20 mwishoni mwa 2018. Memblock naye haishi muda mrefu. Rekodi za kurasa zikishatengenezwa, hukabidhi kilichobaki kwa mgawaji mkuu, na kazi yake kwa sehemu kubwa inaishia hapo.

Kwa ufupi: kati ya kuwaka na makabidhiano hayo, kila ombi la kumbukumbu hupitia memblock, na memblock hana pa kukimbilia.

## RAM ipo, mbona imekosekana?

Kompyuta yenye gigabaiti 8 haimalizi RAM katika sekunde ya kwanza. Ukiona ugawaji wa mapema umeshindwa, kagua haya kwanza:

- Ripoti ya ubao mama ni mbovu, na RAM nyingi imeandikwa kuwa haitumiki.
- Mwombaji anataka anwani za chini tu. Vifaa vya zamani vilifikia megabaiti 16 za mwanzo pekee, na vingi vya baadaye haviwezi kuvuka gigabaiti 4.
- Nafasi ipo lakini imekatikakatika, na mwombaji anataka kipande kimoja kisichokatika.
- Mtu aliandika mem=64M kwenye mstari wa amri za kuwashia wakati wa majaribio, akasahau.
- RAM ni kidogo kweli.

Sababu hiyo ya mwisho ina mfano unaowagusa wasimamizi wa seva, nao ni kerneli ya uokoaji. Seva nyingi za Linux huandaliwa zitenge sehemu ya RAM mapema, tuseme megabaiti 256, kwa kuandika crashkernel=256M kwenye mstari wa amri za kuwashia. Humo hupakiwa kerneli ya pili inayokaa ikisubiri. Kerneli kuu ikianguka, hii ya pili huwaka ndani ya hizo megabaiti 256 peke yake, huku seva ikiwa na RAM ya gigabaiti mamia ambayo hairuhusiwi kuigusa. Haiigusi kwa sababu humo ndimo ulimo ushahidi wa ajali, nayo imeamshwa ili iuhifadhi diski kabla mashine haijazimwa na kuwashwa upya.

Kwa hiyo kerneli hii inawaka ndani ya chumba kidogo kwenye mashine kubwa. Kila draiva, yaani msimbo wa kuendesha vifaa, ikianza huona vifaa vingi na kuomba nafasi ya kuvihudumia vyote. Ndiyo maana huwashwa ikiwa na nr_cpus=1, itumie prosesa moja, kwa kuwa kila prosesa hutengewa kumbukumbu yake. Megabaiti zilizotosha seva ikiwa mpya zinaweza zisitoshe baada ya kuongezewa kadi za mtandao, na hakuna atakayejua hadi siku ya ajali.

## Anwani sifuri

Mgawaji akishindwa hurudisha nini? Kwa desturi ya lugha ya C, ambayo kerneli imeandikwa kwayo, hurudisha anwani sifuri, yaani "sikupata". Mwombaji anatakiwa aitazame kabla ya kuitumia. Asipoitazama, ataandika data zake kwenye anwani sifuri akidhani amepewa chumba.

Kwenye kompyuta ya kawaida ya biti 64 kosa hilo hudakwa haraka. Prosesa hukataa, kerneli huchapa mstari unaoanza na maneno PANIC: early exception pamoja na anwani iliyoguswa, kisha husimama. Angalau umejua kuna tatizo, ingawa mstari wenyewe hausemi kwamba chanzo chake ni ukosefu wa kumbukumbu.

Kwingine mambo ni mabaya zaidi. Kuna chipu ndogo zisizo na kifaa cha kulinda kumbukumbu, na kwazo anwani sifuri ni RAM halali. Kwenye baadhi ya chipu za ARM, mwanzoni hapo ndipo linapokaa jedwali linaloiambia prosesa iende wapi tukio likitokea. Ukiandika hapo hakuna kinacholalamika. Jedwali limeharibika, mashine inaendelea, na dakika moja baadaye kitu kisichohusika kabisa kinaanguka. Mtu anaweza kukesha akichunguza draiva ya mtandao isiyo na kosa lolote. Kwangu mimi hakuna namna mbaya zaidi ya kushughulikia upungufu kuliko hii ya kuupita bila kuutaja, na mengi yaliyobaki katika sura hii ni juhudi za kuuziba mwanya huo.

## Kufa kwa sauti

Njia ya wazi ni kusimama na kusema. Kerneli ina fankisheni, yaani kipande cha msimbo chenye kazi moja na jina lake, iitwayo panic. Huchapa Kernel panic - not syncing, huongeza sababu, kisha huzuia mashine isiendelee. Wanaoanza huiona kama ukatili. Lakini fikiria kerneli imekosa nafasi ya rekodi zake za kurasa. Iendelee na nini? Kusimama hapo, na kutaja kilichokosekana, ndiyo huduma pekee iliyobaki ambayo inaweza kumpa mwenye mashine.

Ugumu ni nani aiite panic: mgawaji au mwombaji? Linux imelijibu swali hili kwa namna tatu katika muda usiofika miaka kumi.

Hapo awali memblock_alloc, fankisheni ya kuombea nafasi, iliita panic yenyewe ikishindwa. Aliyetaka kuachiwa aamue mwenyewe alitumia fankisheni pacha zilizomalizikia kwa _nopanic. Usalama ulikuwapo, maana hakuna aliyeweza kusahau kutazama. Kasoro ni kwamba jina lililochapwa kwenye ujumbe lilikuwa la mgawaji. Ulijua baiti ngapi zimekosekana, lakini kumjua aliyeziomba kulikutaka usome orodha ya fankisheni zilizoitana, kama ilifanikiwa kuchapwa.

Mwaka 2019, katika toleo la 5.1, uamuzi uligeuzwa. Zile pacha ziliondolewa, memblock_alloc ikawa inarudisha sifuri, na kila mwombaji akapewa jukumu la kutazama. Mistari ileile iliongezwa mahali pengi katika msimbo wa aina mbalimbali za mashine: ukipata sifuri, ita panic, taja jina lako na idadi ya baiti. Ujumbe sasa ulimtaja mwombaji, na hiyo ilikuwa faida kubwa. Gharama yake ilikuwa marudio. Mistari ile ikawa ya kunakili, na kila anayeandika msimbo mpya alipaswa kuikumbuka. Akisahau, tumerudi kwenye anwani sifuri.

Mwanzoni mwa 2025, toleo la 6.14 lilileta memblock_alloc_or_panic. Huomba nafasi, na ikikosekana huita panic ikilitaja jina la mwombaji, ambalo hulichukua yenyewe bila kuandikiwa. Anayeweza kuishi bila hicho anachokiomba anaendelea kutumia memblock_alloc na kutazama jibu. Nadhani hapa ndipo palipostahili kufikiwa tangu mwanzo. Anayesoma msimbo anaona katika jina lenyewe kwamba mwandishi alikaa akaamua: hiki tukikikosa, hatuendelei.

## Si kila upungufu ni kifo

Tazama rekodi za matukio, yale maandishi unayoyasoma kwa amri ya dmesg. Kerneli huja na nafasi yake ndogo ya kuyaweka, ambayo isipobadilishwa ni kilobaiti 128. Ukiandika log_buf_len=16M, itaomba megabaiti 16 kwa memblock. Ikikosa, huchapa malalamiko ya mstari mmoja na kuendelea na ile ndogo. Ni sawa kabisa. Hakuna anayestahili kukosa seva yake kwa sababu rekodi zimekuwa fupi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni majedwali makubwa ya kutafutia. Kerneli hutumia jedwali kupata jina la faili haraka, na ukubwa wake hutegemea RAM iliyopo. Kwenye mashine ya gigabaiti 8, dmesg huonyesha mstari wa Dentry cache hash table wenye nafasi 1,048,576 na baiti 8,388,608, yaani megabaiti 8. Zikikosekana, kerneli hupunguza jedwali kwa nusu na kuomba tena: megabaiti 4, kisha 2, kisha 1, hadi jedwali liingie katika ukurasa mmoja. Hata hapo ikikosa, ndipo huita panic. Jedwali dogo hufanya utafutaji uwe wa polepole zaidi, lakini majibu yanabaki sahihi. Aliyeandika kitanzi kile kifupi alijua kinachoweza kupunguzwa na kisichoweza.

Kuna kuendelea kunakoniacha na wasiwasi. Nafasi ya kerneli ya uokoaji ikikosa kutengwa, kerneli kuu huchapa crashkernel reservation failed na kuwaka kama kawaida. Kwa mashine uamuzi ni sahihi. Kwa msimamizi ni hatari, kwa sababu mstari ule umezama kati ya mamia, na seva itaenda miezi bila kinga ambayo yeye anaamini anayo. Dawa ni kusoma faili la /sys/kernel/kexec_crash_size baada ya kila badiliko la mashine. Likionyesha sifuri, hakuna kilichotengwa.

Na kuna kuendelea ambako ni kosa hasa. Linux nyingi huwaka kwa msaada wa initrd, furushi la mafaili linalobeba draiva zinazohitajika kuufikia mfumo wa mafaili ulioko diski. Kwenye baadhi ya mashine, zikiwemo zenye chipu za ARM, kerneli ikikuta sehemu lilipowekwa furushi hilo imeshashikwa na kitu kingine, huandika disabling initrd na kusonga mbele. Sekunde chache baadaye husimama ikisema VFS: Unable to mount root fs. Anayesoma mstari wa mwisho anakimbilia diski. Anabadilisha waya, anaweka diski nyingine, anasakinisha upya, na tatizo linabaki, maana lilitokea mistari mingi juu yake na lilihusu kumbukumbu.

## Ujumbe usiofika kwenye kioo

Haya yote hayana faida kama ujumbe hauonekani. Katika hatua za mwanzo draiva ya kioo haijaanza. Panic huchapa vizuri, lakini maneno yanabaki ndani ya RAM, na mashine imesimama. Hapo ndipo kinapozaliwa kile kioo cheusi chenye feni inayozunguka.

Kwenye kompyuta za mezani na seva, ongeza earlyprintk=serial,ttyS0,115200 kwenye mstari wa amri za kuwashia; kwenye vibao vya ARM tumia earlycon. Kerneli itaanza kutuma maneno kupitia lango la siriali, njia ya zamani ya kupeleka herufi moja baada ya nyingine kwenye waya, ambayo haihitaji ugawaji wowote wa kumbukumbu. Kibao kidogo kinahitaji waya wa kubadili USB kuwa siriali na kompyuta ya pili ya kusomea. Kwa seva iliyo mbali, panic=10 huifanya ijiwashe upya baada ya sekunde 10; bila hiyo, kwa kawaida itasimama hadi mtu aifuate ilipo.

Ukitaka kumjua mwombaji aliyekwama, ongeza pia memblock=debug. Kila ombi litachapwa na idadi ya baiti, mipaka ya anwani zilizotakiwa na jina la fankisheni iliyoomba. Unaweza kulijaribu hili salama ndani ya mashine pepe kama QEMU: iwashe kerneli kwa megabaiti 512, kisha 256, kisha 128, ukiendelea kupunguza. Itafika mahali itakataa. Soma mistari michache ya mwisho. Kama ombi lililokwama ni kubwa kupita kiasi, hesabu ya mwombaji ina kosa au kuna mtu ameomba zaidi ya anachohitaji. Kama ni dogo, waliokula nafasi wako juu yake, na jumla ya baiti zao itakuonyesha ni nani wa kupunguza au ni megabaiti ngapi za kuongeza.